Gari la Kutorokea

Kuluthumu alilisikia kabla hajaliona. Alikuwa barazani kwake mtaa wa Gongoni, anachuja asali ya Sikonge kwa kitambaa cheupe, akadhani mashine ya kukoboa ya pale kona imepatwa na wazimu. Kumbe gari. Lilikuja taratibu mno, linakwepa kila kishimo kama mwanamke aliyevaa viatu vya kuazima, na nyuma yake watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele. Lilikuwa na pua ndefu, tumbo limelala karibu na vumbi, rangi ya zambarau mbivu, na halina paa. Ndani amekaa kijana mmoja tu, kavaa miwani ya jua, kajiachia utadhani Tabora yote kapewa kwenye sinia.

Kijana huyo ni Sadiki, aliyemposa Najiat, binti wa kaka yake Kuluthumu.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Paa umeliangusha wapi?"

Watoto wakaangua kicheko. Sadiki naye akacheka, maana alikuwa hajui bado kwamba kesi yake imekwisha kuanza.

Huyu Sadiki kazaliwa papa hapa, Isevya. Alikwenda Dar es Salaam akaingia kwenye biashara ya kuagiza magari kutoka nje, akarudi na mali na maneno mengi. Mama yake kamjengea nyumba Itetemia, na huko ndiko bibi harusi angepelekwa siku ya harusi. Fungate ikiisha, wao wawili hao, Dar. Na hilo gari ndilo alilolileta la kumchukulia mke. Kalileta lionekane, kwa sababu kwenye ukoo ule jambo la harusi halipiti mpaka Kuluthumu alipitishe.

Na Kuluthumu alikuwa na sababu yake. Mama yake Najiat alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa vizuri. Siku ile kule hospitali ya Kitete alimshika Kuluthumu mkono, akamwambia, "Wifi, huyu utamfikisha wewe kwa mumewe. Kwa mkono wako." Kuluthumu akajibu, "Nitamfikisha." Basi. Hakuandika mtu, hakushuhudia mtu. Lakini tangu siku hiyo alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akawa anazunguka naye vijijini kununua asali, ndoo kichwani, mtoto nyuma. Yeye mwenyewe Mungu hakumjalia mtoto. Na desturi ya kwao inajulikana: bibi harusi hatoki kwa baba yake na mwanamume peke yao. Hutoka ameshikwa mkono na shangazi yake, wanakaa pamoja bega kwa bega njia nzima, mpaka mlangoni kwa mume, na hapo shangazi anautia ule mkono kwenye mkono wa mama mkwe. Hapo ndipo mtu anakuwa amefikishwa.

Kwa hiyo Kuluthumu akanawa asali mikononi, akajifunga khanga kiunoni, akashuka barazani kwenda kulitazama gari.

Kaka yake, Abbasi, baba yake Najiat, anayekaa naye nyumba moja, alitoka ndani na futi ya kupimia nguo shingoni. Abbasi ni fundi cherehani, mtu wa amani mno, amani ya kukera. "Dada, litazame," akasema. "Wewe ukisema sawa, sawa."

Kuluthumu akalizunguka. Akalizunguka tena.

"Pua yote hii ya nini?"

"Injini, shangazi. Ina silinda kumi na mbili."

"Zote zinafanya nini?"

"Nguvu! Ukiligusa tu, linaruka."

"Linaruka kwenda wapi? Isevya?"

Sadiki akameza mate, akabonyeza kitufe. Nyuma ya viti kukafunguka mdomo, paa la kitambaa likainuka, likajikunjua, likafunika, likatulia. Watoto wakapiga makofi. Hata Abbasi, na uzee wake, akapiga kofi moja, akalificha.

"Umeona, shangazi? Lenyewe!"

"Nimeona. Khanga yangu naikunjua mwenyewe na hakuna anayenipigia makofi. Kwa hiyo paa lipo, na mvua ipo, na jua la Tabora lipo, ila wewe umechagua kulifungua."

"Ni raha, shangazi. Upepo."

"Nyumba yangu iliezuliwa paa na upepo mwaka ule. Sikumbuki kama tulisema ni raha."

Sadiki hakukata tamaa. Biashara imemfundisha kutokata tamaa, ndilo tatizo la hawa vijana. Akamwonyesha ngozi ya viti, akamwonyesha mshono wake, na Abbasi akausifu ule mshono kwa dhati, mpaka dada yake akamtupia jicho. Halafu akamwonyesha vitundu vidogo kwenye kila kiti cha mbele, pale mtu anapoegemeza kichwa. Hivyo, alisema, hupuliza hewa ya moto shingoni, ili mtu aweze kuendesha bila paa hata wakati wa baridi.

Kuluthumu akainama kuvitazama vile vitundu.

"Rudia."

"Kipuliza, shangazi. Kinapuliza joto shingoni."

"Yaani mtu kavua paa mwenyewe kwa hiari yake, akaona baridi, akanunua mashine ya kumpulizia shingo. Mtume! Na watu hao ndio wanatuletea misaada. Sikiliza, baba. Sisi Tabora hatupulizwi shingoni."

Mtaa mzima sasa ulikuwa umekusanyika. Mfaume, dereva wa bajaji, alikuwa ameegesha bajaji yake kando na kupanda juu ya kiti aone vizuri. Sadiki akaona heri aseme lile kubwa alilokuwa analihifadhi. "Shangazi, hili si gari la mjini. Hili limetengenezwa kwa safari ndefu. Wenyewe wanavuka nchi nzima kwa siku moja, bila kuchoka."

"Alaa. Kwa hiyo umetoka nalo Dar mpaka hapa?"

Sadiki akakohoa.

"Limekuja juu ya lori!" akapaza sauti Mfaume. "Nimeliona mimi mwenyewe linateremshwa pale kwenye kituo cha mafuta, limefunikwa turubai kama maiti!"

"Ni kwa ajili ya rangi," alisema Sadiki haraka. "Mawe ya njiani yanaparuza rangi."

Lo! Sasa hapo ndipo alipoharibu. Mji ule umezaliwa na safari. Babu zao ndio waliobeba mizigo kutoka huko ndani mpaka pwani, kwa miguu, na kurudi, na hakuna aliyewapandisha lori kuogopa mawe. Kuluthumu alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kilikuwa kicheko kibaya.

"Gari la safari ndefu limekuja limebebwa! Basi umelileta penyewe, mwanangu. Hapa tunajua kubeba. Uzuri wa mkakasi huu, ndani kipande cha mti. Haya, nionyeshe ninapokaa mimi."

Hilo swali Sadiki alikuwa hajalitarajia. Akafungua mlango, akainamisha kiti cha mbele, akaonyesha nyuma. Na kweli kulikuwa na kiti. Yaani palikuwa na kitu kilichoshonwa kwa ngozi ileile, chembamba, chenye kina cha bakuli la uji, na mbele yake hapana nafasi ya goti. Najiat alikuwa ndio kwanza anarudi kutoka kwenye duka la dawa anakofanya kazi. Akapenya katikati ya watu, akainama, akakitazama kile kiti kwa makini, akakipima kwa shubiri.

"Wenyewe huweka mkoba hapo," alisema Sadiki kwa sauti ya chini.

"Mimi si mkoba," alisema Kuluthumu. "Hebu tulijaribu."

Akaingia. Usiulize aliingiaje, Mwenyezi Mungu anajua. Kuluthumu si mwanamke mdogo. Magoti yalimfika kidevuni na viwiko havikuwa na pa kwenda. Najiat akakaa mbele, Sadiki akalifungua paa kwa sababu vinginevyo shangazi asingepata pa kuweka kichwa, na wakaondoka kuelekea Itetemia. Lori la mbao likawapita, likawamwagia vumbi lote la mwezi wa nane. Kuluthumu akalitafuna. Kisha wakafika kwenye tuta, na yule mnyama wa silinda kumi na mbili akapanda mbele, akashindwa katikati, tumbo likakwaruza: krrrr. Kule nyuma shangazi akagonga taya kwa goti lake mwenyewe.

Sadiki akasimamisha, akaruka chini, akapiga magoti mchangani kulitazama tumbo la gari. Alilipapasa. Alilipuliza vumbi. Ndipo akakumbuka.

"Uko salama, shangazi?"

Kuluthumu alikuwa anajipapasa taya. Najiat alikuwa amegeuka, anamtazama mchumba wake pale chini.

Waliporudi Gongoni, kutoka ikawa kazi kuliko kuingia. Mfaume alivuta mkono huu, Sadiki ule, na kandambili moja ikabaki ndani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kuluthumu alisimama wima, akajifuta vumbi usoni kwa ncha ya khanga, akangoja wamalize.

"Nimelitazama," akasema. "Hili si gari la harusi. Gari la harusi lina pa kukaa wazee. Hili ni gari la kutorokea. Lina nafasi ya mume, ya mke, na ya tamaa yao. Mimi silipitishi. Tafuta jingine."

Sadiki akavua miwani yake, na bila miwani alionekana mtoto kidogo. "Shangazi, mimi nimebeba mizigo ya watu pale stesheni. Kila mtu hapa ananijua. Nilijiapiza siku nikioa, mke wangu atapita Tabora hii juu ya kitu ambacho Tabora haijawahi kukiona. Sibadilishi. Mbona jambo dogo? Tutaipamba bajaji ya Mfaume kwa maua, wewe utatufuata nyuma."

Hata Mfaume, mwenye bajaji, alitazama chini.

"Niwafuate," alisema Kuluthumu.

"Ni hapo tu, shangazi. Itetemia si mbali."

"Miaka yote hiyo nimembeba mgongoni, leo nimfuate nyuma kama askari kanzu?" Akageuka kumtafuta kaka yake. "Abbasi! Kaka! Umesikia?"

Abbasi alizungushazungusha futi yake mikononi. "Dada, kadi zimekwisha kusambazwa. Watu wamealikwa. Gari ni gari tu."

Hivyo ndivyo neno la Kuluthumu lilivyoanguka chini kwa mara ya kwanza kwenye ukoo ule, mbele ya watoto na kuku. Akamgeukia Najiat, wa mwisho aliyembakia. "Na wewe je? Au mdomo nao umeolewa?"

Najiat alikuwa bado anakitazama kiti cha nyuma. "Shangazi, siku ifike kwanza," akasema.

Jibu hilo lilimchoma kuliko yote. Siku zilizofuata Kuluthumu alifanya kila kitu cha harusi na hakufurahia hata kimoja. Alichambua mchele kwa hasira. Alimsinga Najiat liwa bila kumsemesha. Gari lilikuwa linapita mtaani kila jioni, linanguruma, na kila likipita yeye husema kwa sauti ili asikike mpaka nyumba ya tatu: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza!" Wanawake waliokuja kusaidia jikoni walicheka. Lakini moyoni alikuwa anafikiri jambo moja tu, kwamba alimwahidi marehemu kumfikisha mtoto, na sasa atakuwa anakula moshi wake kwa nyuma.

Siku ikafika. Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi, na baada ya swala ya alasiri Sadiki akaja kumchukua mkewe. Gari lilikuwa limesuguliwa likasugulika, paa limefunguliwa, utepe mweupe umefungwa puani. Nyuma yake Mfaume na bajaji yake, imejaa maua ya plastiki mpaka kioo kimebaki kitundu. Ngoma zinapigwa, vigelegele, vumbi. Bwana harusi kavaa kanzu na joho, na anaendesha mwenyewe, kwa sababu dereva naye hana pa kukaa.

Kuluthumu alikuwa amevaa buibui lake jipya na mtandio wa hariri. Alikwisha kuamua. Bajaji hapandi. Atasimama hapohapo barazani awatazame wanavyoondoka, na kila atakayeuliza kwa nini, atamwambia. Atamtia Sadiki aibu ya kudumu. Alikuwa ameyapanga maneno yote.

Najiat akatoka, kajitanda mweupe toka juu mpaka chini, baba yake kamshika mkono. Sadiki akaufungua mlango wa mbele kwa madaha. Watu wakatoa simu zao juu kupiga picha.

Najiat akafika mlangoni. Akainama, akakishika kile kiti cha mbele, akakiinamisha kama alivyomwona Sadiki akifanya siku ile. Akakusanya gauni lake lote mkononi, akaingia nyuma. Alikuwa binti mwembamba; akajikunja, magoti kando, akakaa. Akakirudisha kiti.

"Shangazi," akaita, "panda mbele."

Ngoma zikakatika.

"Najiat," alisema Sadiki, anatabasamu kwa ajili ya zile simu, meno yamebana. "Toka huko. Watu wananitazama."

"Wakutazame. Si ndivyo ulivyotaka?" Sauti ilitoka ndani ya kitambaa, tulivu kabisa. "Bibi harusi haonyeshwi barabarani, mume wangu. Anafichwa. Hapa pananitosha, nilipapima mwenyewe. Sitoki kwa baba yangu bila shangazi, na nyuma yangu hafuati. Kama mbele hapandi yeye, nami nashuka."

Sadiki alimtazama mkewe, akawatazama watu. Halafu akafanya jambo moja la maana tangu alete lile gari lake: akazunguka, akaushika mlango wazi, akainamisha kichwa. "Karibu, shangazi."

Na Kuluthumu akayaacha palepale maneno yote aliyoyapanga. Alishuka barazani. Aliingia kwa makalio kwanza, kama mtu anayeketi kwenye beseni, akavuta buibui ndani, mlango ukafungwa. Abbasi alikuwa analia waziwazi na futi yake shingoni, hata siku hiyo hakuivua.

Weee! Tabora haijasahau. Gari lile likapita Gongoni, likapita sokoni, likapita Isevya kote, bwana harusi kwenye usukani, na kando yake si mwali bali Kuluthumu muuza asali, kakunja uso, kashika mlango kwa mikono miwili. "Sadiki, umeoa shangazi!" walipiga kelele madereva wa bodaboda. "Kaifuata asali!" Wanawake walipiga vigelegele mpaka wakakauka koo. Mfaume alifuata na bajaji yake tupu, anapiga honi kama mwehu.

Kuluthumu hakuwatazama. Alikuwa na kazi.

"Tuta hilo. Punguza. Punguza, nimesema! Pitisha ubavu. Ebo! Ulifundishwa na nani kuendesha? Na hili nalo, kiti kama ulimi, mtu anateleza tu. Bei ya nyumba, halina hata pa kushikia!"

"Ndiyo, shangazi," alisema Sadiki, kwa kila tuta. Jasho lilikuwa linamtoka. Na gari, kwa sababu lilikuwa linaendeshwa na ulimi wa Kuluthumu, halikukwaruza tumbo hata mara moja.

Waliiacha lami, wakaingia ile njia ya zamani waliyopita wapagazi, sasa ya kwenda Itetemia. Kelele za mji zikabaki nyuma. Upepo ulikuwa umeuvuta mtandio wa Kuluthumu ukamwangukia mabegani, na mikono yote miwili imeshika mlango, akashindwa kuurudisha. Ndipo akahisi joto kwenye kisogo.

"Sadiki, kizime hicho kipuliza chako. Nilikwambia Tabora hatupulizwi shingoni."

Sadiki akatazama vitufe vyake. "Sijakiwasha, shangazi."

Kuluthumu alitaka kugeuka, lakini kile kiti kilikuwa kimemkamata kama mtego. Lile joto likaja, likaenda, likaja. Na lilikuwa na unyevu. Kumbe Najiat, hana pa kuweka uso kwenye kile kijishimo, alikuwa ameinamia mbele na kulaza shavu lake pembeni ya kiti, karibu kabisa na shingo ya shangazi, analia bila sauti. Kuluthumu aliijua pumzi ile. Aliijua toka njia ya Sikonge, ndoo kichwani, khanga imebana kifuani, mtoto amelala mgongoni.

Paa la nyumba ya Itetemia likaanza kuonekana, na watu wamejaa mlangoni, na mama mkwe amesimama mbele yao, mikono tayari.

"Shangazi," aliuliza Sadiki, "nifunge paa?"

"Liache," alisema Kuluthumu. "Na upunguze mwendo. Gari lenyewe baya hili, usije ukatufikisha upesi."